UZI: Vyuma chakavu vya Mars. Ngao za joto, miamvuli na kreni zilizotupwa, na kwa nini wenyewe wanarudi kuviangalia

FundiMsuguano (mwanzisha uzi)

Wakuu salama humu. Leo gereji hamna kazi, mvua imeshika toka alfajiri na njia ya kuingilia kwetu imekuwa mto, nimekaa juu ya tairi na simu nikasema ngoja nishushe huu uzi maana umenikaa kichwani muda mrefu.

Nianze na la kwangu kwanza mnivumilie. Miaka ya nyuma kuna mteja alileta gari pedi za brek za mbele zimekwisha, nikang'oa nikaweka mpya, zile za zamani nikazirusha kwenye ndoo ya taka hata sikuziangalia. Mwezi na nusu haujaisha vizuri jamaa huyo karudi, pedi zimekwisha tena na anaongea kwa sauti gereji nzima inasikia. Ikabidi niibinue ile ndoo (bahati ilikuwa haijamwagwa) nianze kuzitafuta katikati ya filta na matambara ya oili. Nikazipata. Ya ndani imelika mpaka bati, ya nje bado ina nyama karibu nusu. Maana yake pini ya kalipa imekamata haitelezi, pedi moja inafanya kazi ya wawili. Ugonjwa niliambiwa siku ya kwanza kabisa mimi nikautupa kwenye ndoo. Toka hapo kitu chochote nikikitoa kwenye gari nakilaza kwenye bati, naangalia kimekufaje, ndo kiende taka.

Sasa nilivyoanza kufuatilia haya magari ya NASA yanayotembea Mars nikakuta kuna watu wana tabia kama yangu, ila ndoo yao iko mamilioni ya kilomita. Na wameshaibinua mara mbili tatu. Uzi ni huo, kaeni mkao wa kula.

FundiMsuguano

Tuelewane kwanza taka zenyewe zinatoka wapi.

Gari likienda Mars haliendi uchi. Chukua Perseverance, lile lililotua tarehe 18 Februari 2021 kwenye bonde la Jezero. Gari lenyewe lina kilo 1,025, limekunjwa ndani ya chombo mfano wa sufuria mbili zilizofunikana. Sufuria ya chini ndo ngao ya joto, ya juu ndo ganda la mgongoni, upana mita 4 na nusu. Linaingia kwenye hewa ya Mars na spidi ya zaidi ya kilomita 19,000 kwa saa, na kinachopunguza hiyo spidi kwa sehemu kubwa sio injini, ni ile ngao kuigandamiza hewa iliyo mbele yake. Ndo brek yenyewe hiyo. Usoni inafika kama nyuzi 1,300.

Ikishapungua mwamvuli unafunguka, mkubwa, upana mita 21 na nusu. Sekunde kama 20 mbele ngao inaachiwa, inaanguka zake. Likibaki kama kilomita 2 kutoka chini gari na kreni yake vinachomoka kwenye ganda, kwa hiyo ganda na mwamvuli navyo vinaenda zao. Halafu kreni ya roketi inalishusha gari kwa kamba za mita 6 na kitu, taratibu kuliko mtu anavyotembea, magurudumu yakigusa udongo kamba zinakatwa na kreni inaruka pembeni kwenda kujipasua mbali ili isilidhuru gari.

Kwa hiyo ndani ya dakika 7 unakuwa na gari moja zima na ajali tatu. Dunia nzima inashangilia gari, zile ajali tatu hakuna anayeuliza ziliangukia wapi.

Pwagu wa Tandale

Uzi tayari, nimekaa siti ya mbele 😂 ila mkuu hebu hapo, mwamvuli wa mita 21 umebeba ganda tupu, si lilitua polepole kama kanga? Ajali ya nini sasa

FundiMsuguano

Swali la maana kabisa. Hewa ya Mars ni nyepesi mno mzee, mgandamizo wake haufiki hata asilimia 1 ya huku kwetu. Mwamvuli ule ungekuwa hapa ungelishusha lile ganda kama unyoya. Kule pamoja na kuwa wazi ganda liligonga chini kwa kilomita 126 kwa saa. Hiyo ni spidi ya basi la mkoani likiwa halina trafiki mbele. Ndo maana walihitaji na kreni ya roketi juu yake, mwamvuli peke yake hauwezi kukufikisha salama.

BintiMshonaji

Kaka hapo kwenye mwamvuli nisaidie, ni kitambaa gani kinavumilia kufunguliwa kwa spidi hiyo bila kuchanika? Mimi nashona turubai na mahema najua upepo unavyofanyia mshono, uchokozi unaanzia kwenye pembe.

FundiMsuguano

Dada umekuja mahali pako. Kitambaa ni nailoni, na sehemu za nguvu kuna Kevlar na Technora, hizi ni nyuzi ngumu za jamii ya zile za fulana za kuzuia risasi. Kamba ziko 80. Mwaka 2017 na 2018 waliujaribu hapa hapa duniani, wakaurusha kwa roketi juu kabisa ambako hewa ni nyembamba kama ya Mars. Jaribio la mwisho, Septemba 2018, mzigo wa kitambaa wa kilo kama 80 ulifunguka wote ndani ya sekunde 0.4. Kupepesa jicho hivi. Na ulivutwa na nguvu ya karibu tani 32, rekodi ya dunia kwa mwamvuli wa saizi ile.

Alafu huu mwamvuli una utundu, ile michoro yake ya rangi ya chungwa na nyeupe haikuwekwa kwa urembo. Mhandisi wake, Ian Clark, aliificha herufi kwa zile sifuri na moja za kompyuta, ukizisoma inatoka "Dare Mighty Things" na pembeni vipimo vya ramani vya maabara yao ya JPL kule California. Waliachia video, watu wa mitandaoni wakaifumbua ndani ya masaa tu.

BintiMshonaji

Sekunde 0.4 😳 mimi hema la watu 200 linanitoa jasho asubuhi nzima kulikunjua tu.

mtambuzi_01

Hii chai. Picha zote zile ni studio jangwani huko, nyie endeleeni kushikwa masikio

FundiMsuguano

@mtambuzi_01 karibu kiti mkuu. Ningekuwa nimetengeneza picha za uongo za Mars nisingeweka uchafu ndani yake, ningepangusa kwanza. Endelea kusoma utaona wenyewe walivyokuwa wanababaika na takataka zao.

Tuje kwenye ndoo ya kwanza kubinuliwa. Opportunity. Hili lilitua Januari 2004, bado wakati huo walikuwa wanatumia maputo, gari limefungiwa katikati ya maputo linadunda kama mpira, lilidunda mara 26 mpaka likajiviringisha lenyewe ndani ya kashimo kadogo. Limefanya kazi zake weee, Desemba 2004 likatoka kwenye shimo kubwa la Endurance, na ngao yake lenyewe ilikuwa imeanguka si mbali na pale. Wahandisi wakaomba: jamani tupitie tuione.

Fikiria kidogo hapo. Ngao za Mars watu walikuwa wanazitengeneza toka miaka ya 70, wanazichoma kwenye tanuru za majaribio, wanapiga hesabu, wanaongeza unene kwa ajili ya usalama, zinaenda, zinafanya kazi, basi. Hakuna binadamu aliyewahi kuiona moja baada ya safari. Ni sawa na mimi nifunge pedi miaka 30 na sijawahi hata siku moja kuona pedi iliyotumika!

Basi wakaenda. Wakaikuta imejipindua nje ndani kama soksi, imevunjika vipande viwili vikubwa, springi zimetapakaa, na kashimo pale ilipogonga. Gari likasogea, likatoa mkono wenye kamera ya karibu sana (ile ya kuangalia punje za mchanga), likapiga picha za ile nyama iliyoungua, lengo lao waone imeliwa kwa kina gani na iliyobaki ni kiasi gani.

Na nyama yenyewe mnajua ni nini? Humo ndani kuna unga wa koki, hii ya kutengenezea vizibo vya chupa za mvinyo! Wanachanganya na vitu vingine wanashindilia kwenye matundu kama sega la nyuki. Kazi yake ni kuungua. Inaungua juu, inageuka mkaa, moshi wake unasukuma lile joto nje, chini kunabaki baridi. Ngao nzuri ni ile inayokufa pole pole kwa mpangilio, sawa na pedi.

Mzee wa Nondo

Hapo kwenye koki nimesoma mara mbili. Kizibo cha chupa kimeenda Mars mimi hata Mafia sijafika.

FundiMsuguano

😂😂 Mzee na kimefanya kazi Mars toka vyombo vya Viking vya 1976. Curiosity, gari lililotua 2012, nalo lilikuwa lipewe hiyo hiyo, ila lilikuwa zito zaidi, walipoipima kwenye tanuru ikashindwa, ikabidi 2007 wabadilishe haraka haraka waweke vigae vya kaboni vilivyoloweshwa gundi maalumu, vigae 113 vimepangwa kama sakafu ya bafu. Perseverance likafuata hivyo hivyo. Na safari hizi mbili walijifunza, wakapachika vipimo vya joto na mgandamizo ndani ya ngao kabisa, ili ikiungua iwe inasema inavyojisikia kabla haijatupwa.

Ila ngoja nimalizie Opportunity maana kitu kikubwa kilikuwa hakijatokea. Wako pale wanazunguka ngao yao, pembeni kuna jiwe. Saizi ya mpira wa kikapu. Limejaa vidimbwi vidimbwi, linang'aa kidogo, halifanani na chochote kwenye ile tambarare. Kifaa chao cha kupima joto kwa mbali kikawa kinasoma kama anga vile, maana lile jiwe lilikuwa linarudisha mwanga kama kioo cha chuma. Wakasogea wakaligusa na vipimo: chuma na nikeli. Kimondo! Januari 2005 wakatangaza, kimondo cha kwanza kutambuliwa juu ya sayari nyingine tofauti na dunia. Wakakiita Heat Shield Rock, yaani jiwe la ngao ya joto, kwa sababu bila kwenda kuchungulia takataka wasingepita pale.

mtoto_wa_Vwawa

Subiri subiri subiri. Hapo umeingia kwetu. Sisi watu wa Mbozi hiki kitu tunacho nyumbani, kimondo cha Ndolezi, kipo pale wazi kabisa chuma na nikeli hivyo hivyo, urefu kama mita 3, uzito tani zaidi ya 10. Tulikuwa tunapelekwa na shule, unakipanda, unakigonga na kijiwe kinalia kama kengele ya shule. Na vile vidimbwi unavyosema ndo vyenyewe, kama mtu alibonyeza udongo wa mfinyanzi kwa dole gumba halafu ukagandia.

Sasa swali langu, hicho cha Mars walikikata kipande? Maana cha kwetu upande mmoja kina sehemu imekatwa na msumeno, wazungu wa enzi za ukoloni walichukua sampuli, unaona kabisa palivyo pasafi palipopita msumeno tofauti na kwingine.

FundiMsuguano

Aisee hii nilikuwa naisubiri bila kujua. Hapana, hawakukikata. Gari lilikuwa na grinda mkononi ya kusugulia mawe, ila wakaogopa chuma kitaimaliza na hamna duka la spea kule. Wakakipiga brashi tu. Mtu yeyote aliyewahi kumaliza diski ya grinda kwenye chuma kigumu anaelewa huo uamuzi.

Pwagu wa Tandale

Kwa hiyo kimondo kilikuja bila ngao kikafika kizima, ngao ikaja na mainjinia wote ikafika imegeuka soksi

FundiMsuguano

😂😂😂 nimecheka mpaka jirani kauliza

KijanaWaUkambani

Nasoma kutoka Makueni hapa. Nyinyi mnaongelea taka za Mars, kwetu ziliangukia shambani. Tarehe 30 Desemba 2024, kijiji cha Mukuku, saa tisa hivi mchana, watu wako kwa shughuli zao mara kishindo, kuenda kuangalia ni duara la chuma, upana mita 2 na nusu, uzito karibu kilo 500. Moto kabisa. Shirika la anga la Kenya likaja likachukua, likasema ni sehemu ya roketi, hiyo ring ya kutenganisha, eti inafaa iungue ikiingia hewani ama ianguke baharini. Ikaamua Ukambani.

Sasa boss nieleze, hivi vya Mars vina mwenyewe? Mtu akifika huko mwaka wowote ule akaokota hiyo ngao ni yake?

FundiMsuguano

Pole na hongereni kwa kuwa salama, nilifuatilia ile habari. Sheria iko wazi: mkataba wa anga wa 1967, kifungu cha 8, kitu kikirushwa kinabaki mali ya mwenyewe na chini ya mamlaka ya nchi iliyokisajili popote kilipo, kiwe kizima au kimekufa. Ngao ya Opportunity ni ya Marekani mpaka kesho. Na kifungu cha 7 ndo kinachowahusu nyie, kitu chako kikiangukia mtu wewe mwenye kukirusha unawajibika, na mwaka 1972 ukaongezwa mkataba mzima wa fidia. Tofauti yenu na Mars ni kwamba kule hakuna mwenye shamba wa kulalamika.

Mzee wa Nondo

Mimi nina yadi ya chuma chakavu naomba kujua jumla ni tani ngapi, niandae semi

FundiMsuguano

Mzee semi moja inatosha na nafasi inabaki. Kuna mhandisi, Cagri Kilic wa Chuo Kikuu cha West Virginia, mwaka 2022 alichukua uzito wa kila kitu kilichowahi kupelekwa Mars akatoa vilivyokuwa vinafanya kazi wakati ule, akapata kilo 7,119. Tani 7 na kitu, za kuanzia zile za Warusi 1971.

Ila mzigo utakaokufurahisha wewe ni tungsteni, chuma kizito sana. Curiosity lilibeba kama kilo 300 za tungsteni kwa kazi ya kutupwa tu. Hapa watu wa wheel balance nisikilizeni: sisi tunabandika vile virisasi kwenye rimu ili tairi litulie. Wao kinyume. Chombo kinaingia kikiwa na uzito sawa pande zote, kabla hakijagusa hewa kinatupa vipande viwili vya kilo 75, makusudi kiegemee upande. Kikiegemea hewa inakinyanyua kidogo kama bawa, kinaweza kupiga kona kutafuta sehemu ya kutua badala ya kuanguka kama jiwe. Halafu muda wa kufungua mwamvuli ukikaribia kinatupa vingine sita vya kilo 25 ili kisimame wima tena. Vyote hivyo vilienda kuchimba mashimo ardhini, na setilaiti iliyapiga picha mashimo yenyewe.

Mzee wa Nondo

Kilo 300 za tungsteni wanatupa kama maganda ya muhogo. Nimeumia.

mama_wawili

Samahani wadau mimi naona tofauti. Nimesoma yote ni mazuri ila bado najiuliza, tunaambiwa tusitupe mfuko wa plastiki barabarani, wao wanaenda sayari ya watu (hata kama hakuna watu) wanamwaga vyuma na maturubai alafu tunaita sayansi. Nani atasafisha?

FundiMsuguano

Dada hilo sikupingi na sio wewe peke yako unayelisema. Kusafisha hakuna mpango wa mtu yeyote ninaoufahamu. Kinachowatisha zaidi wenyewe sio vyuma ni vijidudu, ndo maana vyombo vinasafishwa mpaka basi kabla havijaondoka, mkataba ule ule wa 1967 unakataza kuchafua sayari nyingine kwa namna ya kudhuru. Lakini taka zinawarudia. Juni 2022 Perseverance linatembea zake likakuta kijikaratasi cha kung'aa kimebanwa kwenye jiwe, kina vitobo vitobo, ni kipande cha blanketi la kukinga joto la ile kreni iliyojipasua. Ajabu yake ni kwamba kreni iliangukia kama kilomita 2 kutoka pale! Kwa hiyo ama kilirukia pale siku ya ajali ama upepo umekisogeza. Mwezi uliofuata likaona kitu kama tambi zimejisokota, uzi uzi hivi. Baada ya siku 4 wakaangalia tena pale pale, hamna, upepo umepita nazo.

Na kila kipande wanachokiona wanakifuatilia, maana gari linakusanya sampuli za mawe zilizokusudiwa kuletwa duniani, hutaki umsubirishe profesa miaka alafu afungue kichupa akute uzi wa turubai.

BintiMshonaji

Upepo si umesema hewa hamna?

FundiMsuguano

Ipo ila nyembamba, inasukuma vitu vyepesi vyepesi. Kuna picha saba za setilaiti za mwamvuli wa Curiosity, kuanzia Agosti 2012 mpaka Januari 2013, ukizipanga unaona kitambaa kinabadilika mkao, kinajikung'uta. Wakahisi ndo maana hata mwamvuli wa Viking 1 wa mwaka 1976 bado unaonekana mweupe kutoka juu, unajipangusa vumbi wenyewe. Ila sio wote, ule wa chombo cha Phoenix kilichotua 2008 karibu na ncha ya kaskazini, picha ya Desemba 2017 umeshafifia, vumbi limeumeza.

mtambuzi_01

Haya tuseme ni kweli. Sasa kuna faida gani ya kuangalia mwamvuli uliokwisha fanya kazi? Si ulifanya kazi? Gari si lilifika?

FundiMsuguano

@mtambuzi_01 umeuliza kile hasa kilichonifanya niandike. Yule mteja wangu naye gari lilikuwa linashika brek vizuri tu siku linaletwa. Kufanya kazi na kufanya kazi vizuri ni vitu viwili. Huwezi kujua ulibaki na akiba ya milimita ngapi mpaka umwangalie marehemu.

Na wao walilipa kwa kitu cha thamani sana kuona hilo. Si mnakijua kile kihelikopta, Ingenuity, kilo 1.8, kilienda kimening'inia tumboni mwa Perseverance, kilipangiwa kuruka mara 5 tu kikaja kuruka 72 mpaka bawa lilipoumia Januari 2024. Ruka ya 26, tarehe 19 Aprili 2022, mwaka mmoja kamili toka kiruke mara ya kwanza, walikituma kwenda kuangalia ajali ya ganda na mwamvuli. Kikapanda mita 8, kikasogea kidogo, kikasimama, picha, kikasogea, picha, kama bodaboda aliyekuta ajali barabarani. Sekunde 159, mwendo wa mita 360, picha kumi.

Ukiziangalia hizo picha hutazisahau. Ganda limepasuka limekaa kwenye vumbi, vipande vimemwagika pembeni yake, lakini rangi yake ya kinga haijabanduka. Kamba zimetoka pale zimelala chini zote 80, hazionyeshi kukatika, zinaelekea kwenye kitambaa. Kitambaa kimejaa vumbi, inaonekana kama theluthi yake tu, chungwa na nyeupe, na hakionyeshi mchaniko wa ile sekunde 0.4. @BintiMshonaji mshono ulishika.

Huo ndo ushahidi ambao tanuru la duniani haliwezi kukupa. Na safari ikifeli ni zaidi. Schiaparelli ya Ulaya, Oktoba 2016: ilitakiwa itue ikapotea. Setilaiti ikapita juu ikaona kitambaa cheupe sehemu moja na doa jeusi sehemu nyingine, mbalimbali. Kukiwa na mwamvuli umelala mbali na chombo maana yake mwamvuli ulifunguka na ukaachiwa, kwa hiyo usimlaumu mshonaji. Data zikaja kuthibitisha: kipimo cha mzunguko kilizidiwa kama sekunde moja, kompyuta ikapiga hesabu ikajiona iko chini ya ardhi, ikauachia mwamvuli ikiwa bado kilomita 3.7 juu. Ikawasha injini sekunde 3 ikazima, ikijua imeshafika.

Pwagu wa Tandale

Kama mlevi anayeshuka kwenye daladala haijasimama

mtoto_wa_Vwawa

Na Wachina? Nasikia nao wana gari

FundiMsuguano

Wapo, Zhurong, lilitua Mei 2021. Miezi miwili haijaisha nalo likaenda kupiga picha ganda na mwamvuli wake, mita kama 350 kutoka lilipotua. Kila fundi anataka kuona.

Na ya Warusi ni nzuri. Mars 3, Desemba 1971, ya kwanza kutua taratibu, ikatuma mawimbi haizidi sekunde 20 ikanyamaza, hakuna aliyejua iko wapi. Miaka 40 baadaye kuna Mrusi anaitwa Vitaly Egorov alikusanya wapenzi wa anga mtandaoni, watu wa kawaida tu, wakagawana picha moja kubwa ya setilaiti wakaipekua kipande kwa kipande. 2013 wakatangaza wameona vitu vinavyofanana na mwamvuli, ngao, roketi ya kubrekia na chombo chenyewe, vimepangana umbali unaoendana na hesabu za enzi zile. Waliitafuta kwa kutafuta takataka zake.

mama_wawili

Hiyo ya Warusi imenigusa. Sijabadilisha mawazo kuhusu uchafu lakini 😊

FundiMsuguano

Usibadilishe dada, ni haki yako.

Wakuu mvua imekata na kuna Noah imeingia inalia bering ya nyuma, nasikia toka getini. Narudi jioni, mwenye swali aliache hapa.

mtoto_wa_Vwawa

Fundi ukiitoa hiyo bering piga picha uweke humu kabla hujaitupa, tuone imekufaje